Hapa Niko Njiani, Ova

Kazi yangu ni kukagua boti za watu wa starehe, na kama kuna kazi inayomzeesha mtu kabla ya siku zake, ni hiyo. Mvuvi ukimwambia jaketi lake la kuokolea limeoza atanuna, atakutukana kimoyomoyo, lakini atakwenda kutafuta jingine kwa sababu maji anayajua. Mtu wa starehe hayajui. Yeye kanunua boti ili Jumamosi apigwe na upepo na watu wamwone. Ukimwuliza majaketi yako wapi, anakuonyesha chini ya kiti, bado yamo kwenye nailoni ya dukani, na juu yake kaweka kreti la soda. Ukimwambia ayatoe kwenye nailoni anasema yatachafuka. Nimejibiwa hivyo na watu wazima wenye wajukuu.

Na redio ndiyo usiseme. Kila boti inayotoka kwenye gati letu lazima iwe na redio ya mawasiliano, na chaneli ya kumi na sita ni ya kuitana na ya dharura, basi. Ukishampata mtu wako mnahamia chaneli nyingine mkapige soga zenu huko. Hilo nimelisema mpaka koo limenikauka, nimelibandika ukutani, nimelirudia kwenye mikutano ambako watu walikuja kwa ajili ya vitafunio. Jumamosi ukifungua kumi na sita unasikia mtu anauliza barafu imebaki kwa nani, na mwingine anamjibu kwa kuimba.

Sasa katika watu wote hao, Mungu akaona anipe na shemeji.

Shemeji ni mume wa dada yangu. Tumezaliwa wawili tu, mimi na dada, na yeye ndiye mkubwa. Huyu bwana maisha yake yote aliuza magodoro, na alipochoka akamwachia mwanawe duka, akanunua boti. Nyeupe, injini moja nyuma, paa la turubai. Akaja nayo gatini nimkagulie, anatembea kifua mbele kama bwana harusi, dada nyuma yake kashika mwavuli. Nikainama kusoma jina ubavuni. Herufi nyekundu, kubwa: NIKO NJIANI.

Dada alicheka mpaka akatafuta mahali pa kukaa. Alikuwa na haki ya kucheka. Tangu waoane, mume wake yuko njiani. Ukimpigia simu unasikia watu wanabishana karata nyuma yake, yuko njiani. Unasikia maji ya bafuni, maana yake hata shati hajavaa, yuko njiani. Dada alipokwenda kujifungua mtoto wa kwanza, mumewe alikuwa njiani mpaka mtoto akaogeshwa, akanyonya, akalala. Dada alikasirika miaka ya mwanzo, halafu akazoea, halafu nadhani akaanza kuupenda huo uongo, maana mtu anayekudanganya yuko njiani walau anajua kuna mahali anasubiriwa. Kwa hiyo jina lile lilikuwa utani wao wawili, na mimi mwenyewe nilitabasamu.

Nikakagua. Majaketi yapo, nikayatoa kwenye nailoni kwa mkono wangu huku shemeji anaugua kama nachuna ngozi yake. Mtungi wa kuzimia moto mzima. Pampu ya kutolea maji inavuta. Redio ilikuwa mpya, ya bei mbaya, inatuma na kupokea vizuri kuliko ile ya ofisini kwetu. Nikamwambia, haya shemeji, ita kituo, taja jina la kituo mara tatu, halafu jina la boti yako mara tatu, umalizie na ova, yaani nimemaliza, jibu. Ndivyo inavyofanywa, kwa sababu majini kuna kelele, na linalokupita mara ya kwanza utalidaka mara ya tatu.

Akakohoa kidogo, akabonyeza. "Kituo, Kituo, Kituo. Hapa Niko Njiani, Niko Njiani, Niko Njiani. Ova."

Kwenye chumba cha redio, juu ya ofisi, alikuwepo mtu wetu wa zamu tunayemwita Bezi kwa sababu ya sauti yake nzito. Bezi akajibu bila kusita: "Haya, karibu. Tunakusubiri."

Shemeji akacheka, dada akacheka, watu wa boti ya jirani wakacheka. Mimi sikucheka. Nilipanda ngazi mpaka kwa Bezi nikamwambia, huyu mtu hajasema anakuja, katamka jina la chombo chake. Bezi akanitazama. "Sasa dada mkaguzi, mimi nitajuaje?"

Nikashuka. Nikamwambia shemeji abadilishe jina.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu siku ukizama utaita msaada, na watu watakuambia karibu."

"Siku nikizama nitasema nazama," akasema. "Mbona unanitabiria mabaya, shemeji? Rangi yenyewe hata haijakauka."

Nikaenda kwa bosi. Bosi wetu ni mtu mpole, na upole wake ndio unaoniua. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafungua kanuni, akanisomea: jina la chombo lisiwe na tusi, lisifanane na la chombo kingine, liandikwe kwa herufi zinazosomeka. "Hili lina tusi?" akaniuliza.

"Bosi, hili ni baya kuliko tusi. Mtu akisikia tusi walau anageuka."

"Kanuni haisemi hivyo. Na huyu si shemeji yako? Watu watasema umeleta ugomvi wa nyumbani kazini."

Nikavuka barabara mpaka ofisi inayosajili majina. Huko nilikaa kwenye benchi nusu siku, mbele yangu mtu mwenye pikipiki iliyoibwa, nyuma yangu mtu anayetaka kibali cha banda la kuku. Nilipofika dirishani mama wa pale akaniambia jina likishaingia limeingia, mwenye chombo mwenyewe ndiye anaweza kuomba libadilishwe. Halafu akaniuliza, kwa upole kabisa, kama jina hilo lina shida gani wakati kuna boti inaitwa Usiniguse. Nikarudi kazini nimefura. Sikuwa na sababu hata moja ya kumnyima stika ya ukaguzi. Nikaibandika.

Kilichobaki ni kubembeleza. Jumapili nikaenda kwao kula. Nyumba yao iko juu ya kilima, maji unayaona kutoka dirisha la jikoni, na kwenye dirisha hilo, kati ya chumvi na chupa ya mafuta, nikakuta redio ya mkononi imesimama inakoroma. Shemeji kamnunulia mkewe ili waongee akiwa majini. Nikawaambia hiyo hairuhusiwi nchi kavu, kwanza mngetumia simu kama watu wengine. Dada akasema simu haishiki huko nje, na asiyekatazwa na mumewe hakatazwi na mdogo wake.

"Dada, nisaidie basi kwenye hili jina."

"Mdogo wangu, wewe kila kitu unaona ajali," akasema huku ananiongezea wali. "Ukimwona mtu anakunywa maji unaona anapaliwa. Mwache mume wangu afurahi."

"Afurahi kwa jina lingine."

"Jina lingine halichekeshi."

Nikamgeukia shemeji nikamwambia, sawa, jina baki nalo, lakini leo utajifunza kuita dharura. Nilimsimamisha pale sebuleni na rimoti ya televisheni mkononi kama ndiyo redio. Meidei, ndilo neno la kuombea msaada majini, mara tatu. Hapa ni fulani, jina mara tatu. Uko wapi. Una shida gani. Mko wangapi. Mwanzoni alikuwa anatia madoido, meidei yake ina mahadhi, dada anapiga makofi. Nikamrudisha mwanzo kila alipocheka. Mwishowe akaona sitaondoka, akaisema sawasawa, kavu, neno kwa neno. Nikamwambia hiyo ndiyo. Akanirudishia rimoti. "Umenitesa, shemeji. Nikizama nitazama kwa kufuata utaratibu."

Kutoka hapo akawa kila Jumamosi yuko majini. Na utaratibu? Thubutu. Redioni alikuwa anaingia tu, "Aisee, mpo?" au "Bezi, vipi, umeamkaje?" au anamwita mkewe, "Mama, pika, nina samaki," na samaki mwenyewe hana. Nilimgombeza mara ngapi sijui. Jina la boti hakulitaja tena hata mara moja, na mimi moyoni nikasema angalau hilo.

Jumamosi moja mchana nilikuwa ofisini nasaga meno juu ya mtu aliyejaza mtungi wake wa kuzimia moto maji yenye rangi ya dawa badala ya dawa yenyewe. Nikapanda juu kumwomba Bezi sukari. Spika ilikuwa inatokota ubishi wa barafu kama kawaida: wewe ulisema utaleta, mimi sikusema, muulize mwenzako alisikia. Nikamwambia Bezi awafukuze hao watu kwenye kumi na sita. Akasema kawafukuza tangu asubuhi, wanaondoka na kurudi kama nzi.

"Kwanza afadhali shemeji yako," akasema. "Yeye kaja katikati ya kelele zao, kasema yuko njiani, nikamwambia karibu, basi, katulia. Mtu mstaarabu."

Nikauliza, "Kasemaje?"

"Si nimekwambia? Niko njiani. Tumeshakunywa chai tangu aseme, nadhani anakaribia."

"Bezi. Kasema mara ngapi?"

Bezi akafikiri. "Kama mara tatu hivi. Mwanzo wake sikuupata, hawa wa barafu walikuwa juu yake. Na mwisho pia wakamkalia."

Nikaisahau sukari. Shemeji yangu hajawahi kusema yuko njiani mara tatu mfululizo, uongo wake ni wa mara moja na anakata. Na jina la boti hakulitaja tangu siku ile ya rimoti. Mtu yule angelitaja mara tatu kwa sababu moja tu. Nikamwambia Bezi huyo hakuwa anasema anarudi, alikuwa anazama, ile ya mwanzo uliyoikosa ilikuwa meidei.

Bezi akaita. Akaita tena. Hakuna kitu, barafu tu. Hapo ndipo nilipoichukua ile maiki mkononi mwake nikawaambia wale watu maneno ambayo bosi baadaye alinitaka niyaeleze. Chaneli ikanyamaza, kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi. Nikapiga simu kwa dada.

"Umemsikia mume wako redioni?"

"Nimemsikia. Eti yuko njiani, mchana huu, na hajamaliza hata saa mbili huko. Leo nikasema ngoja nimkomeshe." Alikuwa anatafuna kitu. "Nimemjibu kawadanganye wenzako, mimi nimeshakula na chakula chako nimempa mbwa. Nikaizima na redio. Kwani vipi?"

Sikumwambia. Nilisema nitampigia tena, nikakata.

Bosi alikuwa chini mlangoni na funguo za boti ya uokoaji. Akataka kujua kama kuna wito rasmi wa dharura, kwa sababu mafuta yanatolewa kwa wito rasmi. Bezi akasema kwa ukweli kabisa kwamba alichosikia ni niko njiani. Bosi akanigeukia na ule upole wake. "Unaona, mama? Mtu mwenyewe kasema anakuja."

Sikumbuki nilijibu nini. Najua funguo zilikuwa mkononi mwangu na Bezi alikuwa ananifuata akivaa jaketi huku anakimbia.

Tulimkuta ng'ambo ya mawe, anakokwenda kila Jumamosi, mahali ambapo maji yanaonekana yana kina kumbe hayana. Boti ilikuwa imegonga mwamba na kupinduka, tumbo juu, na shemeji kajilaza juu yake kashikilia pezi la injini. Mkono mmoja ulikuwa umevunjika, unaning'inia tu. Jaketi alikuwa kavaa. Midomo ilikuwa ya kijivu na meno yanagongana, na alipotuona alitutazama tu kama mtu aliyeshaacha kutegemea.

Tukampandisha, tukamfunika. Bezi akashika usukani. Nikakaa sakafuni nimeegemeza kichwa chake kwangu, na njiani kurudi akaanza kusema, polepole, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Nilifanya kama ulivyonifundisha."

"Najua, shemeji."

"Meidei, jina, mahali, shida. Yote. Nikaachia kile kitufe nisikilize." Akafumba macho, nikadhani amezirai. "Bezi akasema karibu. Nikarudia, wa barafu wakanifunika. Nikasikia mke wangu. Safi kabisa, kama yuko pembeni yangu. Akasema keshakula, changu kampa mbwa. Akacheka. Nikabonyeza nimwambie, hapo maji yakafika kwenye betri." Bezi hakugeuza kichwa, lakini mabega yake niliyaona yakishuka. "Shemeji, nikasema kumbe hii ndiyo sauti ya mwisho. Kunicheka."

Nilitaka kumwambia kitu. Nilikuwa na hasira na bosi, na yule mama wa dirishani, na watu wa barafu, na yeye mwenyewe na rangi yake nyekundu, zote zimenijaa mdomoni, na hakuna hata moja ya kumwambia mtu aliyelala hivyo. Nikamfunika mabega.

Hospitalini wakamfunga mkono na kumtundikia chupa. Dada alifika na kanga ya jikoni kiunoni, viatu vya nyumbani, kimoja chake kimoja cha mumewe. Bezi ndiye aliyemweleza kwenye simu, na Bezi hana uwezo wa kuficha. Simu nilimnyang'anya kabla hajafika kwenye mbwa, lakini dada alishajua kwamba ile niko njiani haikuwa niko njiani. Alimpapasa mumewe uso, masikio, vidole, kama anahesabu kama vyote vimerudi. Hakulia. Akakaa ukingoni mwa kitanda akamshika mkono ule mzima.

"Nataka uniambie ukweli," akasema. "Kwa mara moja maishani mwako. Nilivyokujibu, ulinisikia?"

Shemeji akatazama dari.

"Kwani ulinijibu?" akasema. "Mimi sikusikia kitu. Ile redio ilikuwa inatuma tu, haipokei. Nimeongea na maji pale peke yangu mpaka nimechoka."

Kasema kwa wepesi uleule aliokuwa akisemea yuko njiani huku watu wanabishana karata nyuma yake. Dada akamwangalia kwa muda mrefu. Anamjua. Halafu akanigeukia mimi, ambaye hajawahi kuniona nikidanganya hata umri wangu.

"Redio inaweza kufanya hivyo? Itume, isipokee?"

"Inaweza," nikasema.

"Na hiyo ya kwake ilikuwa hivyo?"

Katika kazi hii sijawahi kupitisha redio mbovu. Nimepigiwa kelele, nimenuniwa na wakubwa, nimeitwa mchawi wa stika, lakini redio mbovu haijawahi kupita mikononi mwangu, na kila mtu gatini anajua hivyo, na dada ndiye wa kwanza kujisifia kwa majirani.

"Nadhani ilikuwa hivyo," nikasema.

"Si uliikagua wewe?"

"Niliikagua."

"Ukabandika stika."

"Nikabandika."

Dada akasimama. Nilidhani sasa ndiyo atalia, lakini alianza kunisema. Kumbe kazi yangu ndiyo hiyo, kusumbua watu kuhusu majina na nailoni na huku redio mbovu inapita mbele ya macho yangu. Kumbe makelele yote yale ya Jumapili yalikuwa ya bure. Mume wake angekufa kwa uzembe wangu, na mimi ningekuja msibani na sare yangu. Akarudi nyuma mpaka utotoni, kila nilichovunja na nilichopoteza. Muuguzi akaja kutuomba tupunguze sauti, dada akamwambia asubiri, bado hajamaliza na mimi. Rangi ilikuwa inamrudia usoni kadiri anavyosema. Shemeji alikuwa kafumba macho, na mkono wa mkewe hakuuachia.

Nilimwacha aseme yote. Alipoishiwa pumzi akabaki ananitazama, anangoja nijitetee kama ninavyojitetea siku zote.

"Ni kweli, dada," nikasema. "Ilinipita."